Upande Ambao Mashua Hunywea

Waliokuwapo siku ile kwenye gati la Kalundu ni hawa: Bwana Shefu wa atelie ya mashua, yaani karakana, Mbelgiji mrefu asiyevua kofia hata akiwa ndani, Anselmi, mekanisiani mkuu, mtu wa Albertville, Kapita Mulenda, mshika usukani wa mashua yetu, Kashindi, mpishi wake, mjomba wangu Yoakimu kutoka Luvungi, shangazi yangu Veneranda kutoka Bwegera, wadogo zangu Sesilia, Faustini na Tereza, na mimi. Nawataja wote kwa sababu wengi wao hawapo tena, na kwa sababu jambo lililotendeka pale halifai kukosa mashahidi.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Miaka ya hamsini ilikuwa imeanza. Baba, mvuvi wa Uvira, alikuwa amechukuliwa na ziwa, na mvua zilipokolea homa ikamchukua mama. Mimi nilikuwa mkubwa wa nyumba, ndevu zikianza kuota, na shule ya misheni nilikuwa nimeiacha ili nitafute chakula. Anselmi alikuwa ameniona nikibeba mapipa ya mazutu, yaani dizeli, gatini. Akaniambia nije asubuhi, atanifundisha kazi ya motere, yaani injini za mashua.

Lakini asubuhi hiyo hiyo ndugu zetu wa bonde la mto Ruzizi walikuwa wameteremka kutugawa. Sesilia angeenda Luvungi kwa mjomba. Faustini angeenda Bwegera kwa shangazi. Tereza, ambaye bado alikuwa akilala ameshika sikio langu, angepelekwa Kiringye kwa mama mkubwa. Lori la kuwarudisha bondeni lilikuwa barabarani, na mjomba alipoambiwa kwamba mimi nimepata kazi, alisema: "Twende tuione hiyo kazi." Ndivyo sote tulivyofika gatini.

Anselmi alikuwa amepiga magoti ndani ya mashua. Alifungua chungu kidogo cha shaba nyeusi kilichokuwa karibu na motere, akatoa ndani yake kikapu cha bati la shaba lenye matundu, akakipindua juu ya sahani ya chuma yenye ukingo wa buluu. Akaninyoshea sahani.

"Unaona nini, kijana?"

"Takataka, baba."

Kapita Mulenda alicheka. "Huyu umemutoa wapi, Anselmi? Kwa kuuza ndizi?"

"Takataka haiko," Anselmi alisema, kwa Kiswahili chetu cha ziwani, ambamo mashua ni bato na mahali ni fasi. "Angalia tena. Hii muchanga iko nyekundu, inatoka Ruzizi. Hii ni matete, na iko mubichi. Haya ni magamba ya ndagala. Bato inakunywa kila fasi inapita, halafu inakuja kutuambia hapa. Kapita anaweza kudanganya. Sahani, hapana."

"Na minye nilidanganya lini?"

"Jana. Ulisema haukusogea Ruzizi."

Hata Bwana Shefu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa atelie, alitabasamu kidogo. Mjomba hakutabasamu.

"Ndugu yangu," alimwambia Anselmi, "sisi hatukukuja kuangalia muchanga. Gari inatungoja. Hawa batoto wanagawanywa leo."

"Mjomba, minye iko na kazi sasa," nilisema. "Waache kwangu."

"Na weye mwenyewe uko mutoto. Nani iko nyuma yao?"

Niwaeleze ninyi vijana swali hilo lilikuwa na maana gani. Katika ukoo wetu, kama ilivyo kwa wengi wa kando ya ziwa, matanga yakiisha, watoto waliofiwa husimama mstari mmoja mbele ya wazee. Anayetaka wabaki pamoja katika nyumba ya baba yao sharti apate mtu mzima, mwenye nyumba yake, aende asimame nyuma yao. Hasemi kitu. Kusimama kwenyewe kunatosha: njaa yao ni njaa yangu, ugonjwa wao ni ugonjwa wangu. Baba yetu alikuwa na dada mmoja tu, shangazi. Hakuwa na ndugu wa kiume. Na mimi sikuhesabiwa, kwa kuwa nami nilikuwa mmoja wa waliofiwa.

Anselmi alipangusa mikono kwa kitambaa. Akapanda gatini, akapita mbele ya mjomba, akaenda kusimama nyuma ya wadogo zangu. Tereza aligeuza uso juu kumtazama, kisha akaegemeza kisogo chake kwenye suruali ile iliyojaa grisi, kama mtu aliyefika kitandani.

Mjomba alimtazama mgeni yule kwa muda mrefu. "Weye uko kabila gani?"

"Ya motere," Anselmi alijibu.

Shangazi Veneranda aliziba mdomo kwa kitambaa chake. Mjomba akasema: "Sawa. Mpaka mavuno ya mpunga. Nitakuja kuona kwa macho yangu. Kama kazi imemushinda huyu, ninabeba batoto, na weye utanyamaza."

"Nitanyamaza."

Lori likaondoka bila wadogo zangu. Nikarudi ndani ya mashua kuosha kikapu cha shaba.

Sasa niwaambie kazi yenyewe, maana leo vijana wengi hufunga motere nyuma ya mtumbwi, wakivuta kamba na kuondoka. Motere zetu zilikaa ndani, tumboni mwa mashua, nzito, zenye kunywa mazutu na kutoa moto mwingi. Motere ya gari hupozwa kwa maji yake yenyewe, yanayozunguka na kupulizwa upepo. Motere ya mashua iko juu ya maji yasiyoisha, kwa hiyo hupozwa na ziwa. Chini ya mashua, upande wa kulia, ambao sisi tuliuita kuume, kulikuwa na tundu. Juu ya tundu kulikuwa na vani, ndiyo koki ya kufungua na kufunga maji. Kutoka pale maji yalipita katika chujio, yaani kile chungu cha shaba chenye kikapu ndani, ili uchafu ubaki humo. Kisha yalivutwa na pompi, iliyokuwa na gurudumu la mpira lenye mabawa laini. Pompi iliyasukuma kuzunguka silinda, yakabeba joto, yakatoka nje kwa bomba dogo lililokuwa ubavuni, juu kidogo ya maji.

Maji yale ya kutoka tuliyaita mkojo. Kila baada ya muda kapita aliita kutoka kwenye usukani, "Anakojoa?" na mekanisiani aliinama ubavuni, akatazama, akajibu, "Anakojoa!" Mkojo ukiwa mnene na wa uvuguvugu, motere ina afya. Ukiwa mwembamba, chujio linaziba. Ukikatikakatika kama mtu anayekohoa, kuna hewa inayoingia, na mara nyingi kosa huwa kwenye mpira wa kifuniko cha chujio. Niliwahi kuona gamba moja la ndagala, dagaa wa ziwa letu, limenaswa chini ya mpira ule, jembamba kuliko karatasi, na pompi ikawa inavuta hewa badala ya maji. Ukitoka moshi bila maji, zima motere upesi, halafu uanze kusali.

Anselmi alinifundisha kwa upole, lakini hakurudia neno. Kifuniko hufungwa kwa mkono, si kwa ufunguo, kwa sababu ufunguo unaponda mpira. Vani hufungwa kabla ya kufungua chujio, ama sivyo ziwa litaingia nyumbani kwako. Na motere iliyochemka haimwagiwi maji ya baridi hata kama mfalme mwenyewe ameamuru, kwani chuma cha moto kikikutana na baridi hupasuka. "Unakaa, unangoja," alisema. "Ukiweza kuweka mukono juu ya kichwa chake kama juu ya kichwa cha mutoto, basi iko tayari."

Chujio kila likifunguliwa, kikapu kilimwagwa kwenye sahani, na sahani ikaonyeshwa kwa kapita. Hiyo ilikuwa desturi ya Anselmi, na hakuna aliyeruhusiwa kuiruka. Nikajifunza kusoma sahani. Wakati wa mvua ilijaa tope la Ruzizi na mizizi ya matete. Kiangazi kulikuwa na majani laini ya kando. Na kulikuwa na vipindi ambapo ziwa lilileta vile vidude kama ute wa yai, vyenye umbo la mwavuli mdogo, vikaziba matundu yote kwa mara moja huku ukitazama maji unaona ni safi kabisa.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hiyo ilimhusu Kashindi. Ugali wetu ni wa muhogo. Mnaujua: ukoko wake ukilowa huwa gundi. Ndiyo sababu Anselmi aliamuru kwamba sufuria zioshwe upande wa kushoto tu. "Bato inakunywa kuume," alisema. "Mutu haoshi sufuria kwenye kisima cha mwenzake."

"Basi bato iko na heshima kuliko bibi yangu," Kashindi alilalamika. "Bibi yangu anakunywa fasi yoyote."

Bwana Shefu alikuja kila asubuhi, akaweka kiganja kwenye bomba, akanitazama. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu, lakini hakuwa mkorofi. Alichoniambia siku za kwanza ni hiki: "Motere naungua, weye nakwenda nyumbani." Nilikuwa sihitaji kuambiwa mara mbili. Nyumbani ndiko nilikokuwa nakupigania.

Jioni nilirudi nikinuka mazutu. Sesilia alikuwa amekwisha kuanika ndagala kwenye mchanga, amewakusanya, amepika. Faustini alisoma somo lake kwa sauti ili nami nisikie na nisisahau kusoma. Tereza, aliyeniita yaya, yaani kaka mkubwa, alinitazama mikono, akauliza swali ambalo alijifunza gatini na ambalo Sesilia alimkataza bure: "Yaya, leo amekojoa?" Nikijibu kwamba amekojoa vizuri, alilala bila wasiwasi. Alikuwa ameelewa kwa akili yake ndogo kwamba maji yale yakikatika, atapelekwa Kiringye.

Mavuno yakafika. Mjomba Yoakimu na shangazi Veneranda walishuka pamoja na mpunga wao, wakitaka kuuvusha hadi Usumbura, ng'ambo ya Burundi, ambako ulikuwa na soko zuri. Anselmi akawaambia: "Pandeni kwetu. Mutamuona kijana kazini." Nilitamani ardhi inimeze. Magunia ya mpunga yakapangwa katikati ya mashua. Anselmi alipanda pia, lakini alikwenda kukaa mbele kabisa kando ya mjomba, akajikunja kama abiria, akaniachia motere.

Tuliondoka vizuri. Upepo wa kusini wa kiangazi ulitusukuma. "Anakojoa?" "Anakojoa!" Mjomba alikuwa akigeuka kila tulipoitana hivyo, uso umemkunjamana, hajui kama ni matusi au ni kazi. Tulipokaribia kupita mbele ya mdomo wa Ruzizi, Kashindi aligawa ugali na samaki wa mikeke wa kuchoma, tukala. Kisha Kashindi akashika usukani kidogo ili kapita naye ale.

Nilipoinama ubavuni baadaye, mkojo ulikuwa mwembamba kama uzi. Niliweka mkono kwenye bomba nikautoa haraka. Kabla sijasema neno, uzi ukakatika, na kikatoka kimvuke cheupe.

"Kapita, ninazima!"

"Usizime! Upepo unatupeleka Ruzizi!"

"Ninazima, kapita." Nikazima.

Kimya cha mashua iliyozimwa motere ni kimya kibaya. Ghafla unasikia maji yakipiga mbao, na unasikia mambo yaliyokuwa yamefunikwa na kelele. Sisi tuliwasikia viboko. Upepo ulikuwa ukitusukuma taratibu kwenye maji ya rangi ya udongo, kuelekea matete na vilima vya mchanga vilivyojificha chini. Mashua ikikwama pale ikiwa imejaa, mawimbi huigeuza ubavu. Mjomba alisimama, akashika gunia lake kama mtu anayemshika mtoto.

"Mwaga maji juu yake ipoe!" Kapita Mulenda aliniamuru. Alikuwa ameshachota ndoo.

"Hapana, kapita. Itapasuka."

"Weye unaniambia minye hapana?"

"Ikipasuka hatutafika leo wala kesho. Teremsha nanga, tungoje."

Alinitazama kwa hasira, ndoo mkononi, akamgeukia Anselmi. Anselmi hakusimama. Kapita akatukana baba wa motere na babu yake, akatua ndoo, akateremsha nanga. Nanga ikaburuta tope, ikaburuta, kisha ikashika.

Nilimsikia mjomba akimwambia Anselmi, "Nenda umusaidie! Weye si ndiye mukubwa?"

Na Anselmi akamjibu kwa sauti ya chini: "Nikisimama sasa, utasema motere ni yangu. Kaa, ndugu yangu."

Nilifunga vani, nikafungua kifuniko kwa mikono, nikatoa kikapu. Kilikuwa hakina tundu hata moja wazi. Nilikimwaga kwenye sahani ya ukingo wa buluu. Uliteremka ugali wa muhogo, mweupe, mzito, umevimba, pamoja na mifupa midogo ya mikeke.

Nikajua papo hapo. Wanaume walikula wameketi upande wa kushoto, mjomba akiwa miongoni mwao. Shangazi Veneranda ni dada wa baba, mjomba ni kaka wa mama. Kwetu hao ni wakwe. Mwanamke mwenye heshima hainami kuosha vyombo mbele ya wakwe zake, mgongo ukiwa umewaelekea. Wala hakubali kukaa bure kama mgeni huku mwanamume akiosha sufuria. Kashindi alipokwenda kwenye usukani, shangazi alikuwa amechukua sufuria kimya kimya, akapita nyuma ya magunia, akainamia upande uliokuwa hauna watu. Upande wa kuume. Alikuwa amefanya lililo jema kabisa kwa kadiri ya malezi yake, na ndilo lililotuzima.

Desturi ilinitaka nionyeshe sahani. Nilisimama nikaionyesha.

"Ni nini?" kapita aliuliza.

"Ugali."

"Nani ameosha sufuria kuume?"

Kashindi alifungua mdomo kujitetea, kisha akamwona shangazi ameinamisha kichwa, akaufunga. Nami nilimwona. Mikono yake ilikuwa bado na maji. Niliona kwamba nikisema neno moja nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wakwe, dada wa pekee wa baba yangu, aliyekuja na kuku na unga siku za msiba wa mama. Na niliona kwamba nikinyamaza, mjomba ataona tu kijana ambaye chujio lake limeziba, na jioni Tereza atakuwa anafungiwa nguo zake.

"Kapita," nilisema, "bato alikuwa na njaa. Sasa ameshiba."

Kashindi peke yake alicheka, tena kidogo.

"Weye umesafisha hii kitu na macho asubuhi?" kapita alifoka. "Ama ulikuwa unalala?"

Nilianza kuosha kikapu kwa burashi, tundu kwa tundu. Mjomba alisema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua: "Nimeona. Tutazungumuza Usumbura."

Tukakaa tukingoja chuma kipoe. Kiboko mmoja aliinua masikio, akatupulizia, akazama. Ndipo shangazi Veneranda aliposimama kati ya magunia ya mpunga, akajitanda vizuri, akazungumza akitazama maji.

"Ni minye."

Mjomba aligeuka.

"Ni minye niliosha sufuria. Niliona haya kuinama mbele yako, Yoakimu. Huyu mutoto anajua. Nimeona macho yake yamenifikia, akayaondoa." Alijipangusa maji ya mikono kwenye kitambaa chake. "Amekubali kupoteza bandugu yake juu ya aibu yangu minye. Sasa weye ukazungumuze Usumbura. Lakini minye nimeshazungumuza. Faustini siye mutu wa Bwegera. Abaki kwa yaya wake."

Kapita Mulenda alikuna kichwa. "Mama," alisema kwa heshima ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, "ungetuambia tungegeuka wote tuangalie Burundi."

Hapo hata mjomba alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa yake. Kashindi akamwambia shangazi: "Na minye ningepata musaidizi kila siku."

Niliweka mkono juu ya kichwa cha motere. Bado. Nikangoja. Nikaweka tena, na nikaweza kuuacha pale, kama juu ya kichwa cha mtoto. Nikapangusa mpira wa kifuniko kwa kidole mzunguko mzima, nikatafuta gamba, nikakuta safi. Nikafunga kwa mkono. Nikafungua vani, nikapiga motere. Ikakohoa, ikashika.

"Anakojoa?" kapita aliita.

Kabla sijafika ubavuni, mjomba Yoakimu alikuwa amekwisha kuinama, kofia mkononi, nusu ya mwili wake ikiwa nje ya mashua. Bomba lilitema hewa, likatema tena. Kisha maji yakaja, manene, yakamrukia usoni.

"Anakojoa!" mjomba alipiga kelele, mzee mzima wa Luvungi, ndevu zinamchuruzika. "Anakojoa, jamani! Anakojoa!"

Anselmi ndipo aliposimama, akampa kitambaa cha kujipangusa.

Usumbura hatukuzungumza lolote. Mjomba alinunua kitambaa chenye maua, akaniambia nimpelekee Sesilia. Wadogo zangu hawakugawanywa. Waliishi pamoja katika nyumba ya baba mpaka kila mmoja alipotoka kwa mlango wake mwenyewe: Sesilia kwa kuolewa, Faustini kwa ualimu, na Tereza, ambaye hakwenda mbali, angali jirani yangu hadi leo.

Mimi nilikaa atelie ya Kalundu miaka mingi. Kutoka motere moja nilipewa kutunza motere zote za mashua za uvuvi. Baadaye nilitumwa Baraka, ambako shefu alikuwa kijana mwenye haraka aliyependa kufunga kifuniko kwa ufunguo, na tulibadilisha mipira mingi mpaka alipoamua kujaribu mkono. Sehemu nyingi nilizofika nilikuta motere mpya kuliko nilizozijua, zikinywa maji yale yale. Nilipoitwa mekanisiani mkuu mimi mwenyewe, niliendelea kumwaga kikapu juu ya sahani, na vijana waliokuja kwangu niliwauliza wanaona nini. Wote walisema takataka. Nikafurahi kila mara.

Sahani ilikuwa ile ile. Kabla miaka ya hamsini haijaisha, Anselmi alirudishwa Albertville. Siku ya kuondoka alinipa ile sahani ya ukingo wa buluu, na ndipo aliponiambia ilikotoka. Ilikuwa ya mtoto wake wa mwisho, Odeta. Alipotumwa Uvira alimwacha kwao akiwa ndio kwanza ameanza kula mwenyewe, na mama yake akamfungia baba chakula cha safari katika sahani ya mtoto, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. "Nilitaka kuirudisha," alisema, "lakini imezoea kazi. Siku utafika Albertville, mupe weye. Mwambie ilikuwa inasoma ziwa." Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kunidai kitu kwa yale aliyotutendea. Alishangaa kweli. "Minye nilisimama tu," alisema.

Sikufika upesi. Kulikuwa na kazi, kisha kulikuwa na miaka ambayo njia za ziwani zilikuwa mbaya. Habari za kifo chake zilinifikia kwa mdomo, zimebebwa na mabaharia kutoka bandari hadi bandari, na zilikuwa zimekwisha kuzeeka zilipofika kwangu. Mkewe alikuwa amemtangulia. Nilipanda chombo cha kwanza nilichopata. Albertville nikakuta nyumba ina watu wengine, na jirani mmoja akanionyesha uwanja mbele ya nyumba. "Hapo ndipo walipowapanga mstari," alisema. "Wakawagawa siku hiyo hiyo."

Wavulana wake wawili niliwapata baada ya kuuliza sana. Mmoja alikuwa Mpala, analima. Mwingine alikuwa Moba, na huyo nilimchukua Uvira, nikamfundisha kazi ya baba yake. Leo ni mzee mwenye atelie yake, na anafunga kifuniko kwa mkono. Odeta alichukuliwa na mke wa mfanyabiashara aliyehamahama, na hakuna aliyejua kwa hakika alielekea wapi. Nimeuliza kwa mapadre, kwa wenye malori, kwa wanawake wanaouza mikeke. Nimeuliza ng'ambo zote za ziwa. Akiwa hai, naye ni bibi sasa.

Mimi nimestaafu. Mikono yangu haiwezi tena kufungua kifuniko. Asubuhi naketi mahali ninapoiona Kalundu, nikisikiliza motere zinazoondoka, na bado najua kwa sikio ipi imeanza kupata joto. Tereza huniletea uji. Hapendi kuiona ile sahani juu ya kabati haitumiki, lakini hatii chakula ndani yake. Huipangusa vumbi na kuirudisha mahali pake, na siku nyingine huniuliza, "Yaya, bado?" Namjibu, "Bado."

Msidhani deni ni sahani. Sahani naweza kumwachia Tereza, naye amwachie mtoto wake, hadi imfikie mwenyewe au wajukuu wake. Deni langu ni kwamba siku moja, katika uwanja ule wa Albertville, binti wa Anselmi alisimama mbele ya wazee, na nyuma yake hapakuwa na mtu.